Mzigo wa leo leo huchelewa godauni, sio barabarani

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa huu wa barua. Mimi ni dereva, nina kenta moja ya tani 3 na pikapu moja, napaki Changamwe, na mwaka wa 14 huu kazi yangu ni mizigo ya haraka, ile ambayo mtu apiga simu asubuhi na ataka ifike kabla jua halijazama. Sisemi makontena, hayo yana wenyewe na yana treni yake. Nasema ile pampu ya kisima iliyokufa Voi, freza ya hoteli iliyozima Watamu na samaki wa wageni wamo ndani, spea ya winchi iliyoshuka na ndege pale uwanja wa Moi na meli iko Kilindini yaingoja, boksi za dawa za kwenda Taveta. Sie wenyewe twaiita mzigo wa leo leo. Sai matangazo yake yamejaa kila mahali, kwenye nguzo za stima, kwenye stetasi za wasapu, "tunafikisha leo leo Kenya nzima", na hata mimi maneno hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye mlango wa kenta. Niliyafuta kwa sababu ya safari moja ya Lamu, na ni safari hiyo imenifanya nikuandikie.

Simu iliingia saa 12 na nusu asubuhi hata chai sijamaliza. Mteja ana biashara ya barafu kule kisiwani, kompresa yake imekufa usiku, wavuvi washaleta samaki na kila saa ikipita ni hasara juu ya hasara. Kompresa nyingine kashaipata, iko godauni Shimanzi, kilo kama 600, "wewe njoo tu upakie uondoke". Nikamwambia bwana, kutoka hapa mpaka Mokowe, kwenye jeti ya bara ya kuvukia Lamu, ni kama kilomita 340, nikitoka saa 2 inshallah saa 9 mchana niko jeti, wewe tayarisha boti upande huo. Akanishukuru sana, na sauti yake yasikika kabisa kwamba huyu mtu hajalala.

Saa 1 na nusu niko mlangoni mwa godauni. Klarki anasema malipo hayajaonekana kwa sistimu. Mteja anasema ametuma tangu usiku. Bosi wa kuidhinisha yuko Nairobi kwenye mkutano na simu haishiki. Saa 4 malipo yakaonekana, alhamdulillahi, alafu ikaja kuwa invoisi imeandikwa jina la duka la zamani la mteja kwa hivo lazima ichapwe nyingine, na mwenye kuchapa ametoka kidogo. Saa 5 na nusu karatasi ziko sawa lakini forklifti imeenda kushusha lori jengine. Saa 6 na kitu watu wakaenda kuswali na kula, na hilo silalamiki, ni haki yao. Saa 8 na dakika 10 mchana ndo nafunga kamba ya mwisho. Nimekaa pale karibu masaa 7 injini imezimwa, na kwa hesabu ya kila mtu mle ndani safari ilikuwa haijaanza, yaani yale masaa 7 hayakuwa ya mtu.

Nikatoka. Daraja la Nyali, Kongowea, Bamburi, alafu Mtwapa ambako kila mtu anajua palivyo tangu ianze kazi ya kupanua barabara ile mpaka Kilifi. Malindi nimeingia saa 11 na robo. Simu ya mteja kila dakika 20, umefika wapi, umefika wapi, kanyaga bwana. Nikakanyaga, sitaki kusema uongo kwenye gazeti, nilikanyaga kuliko nilivyofaa. Garsen giza lishashika, Minjila pale kwenye njiapanda polisi wakanisimamisha wakanambia mbele hapapitwi usiku, lala hapa ungoje asubuhi. Mtu anayeijua barabara ile habishani na polisi kuhusu hilo. Lami siku hizi ni nzuri, lakini pale Nyongoro basi la abiria lilishambuliwa Januari 2020 na watu wakafa, na sie tunaopita pale hatujasahau. Nikalala ndani ya kenta, mbu wengi, kompresa iko nyuma yangu imefunikwa turubai, na kule kisiwani samaki wanaoza.

Nilifika jeti ya Mokowe saa 4 na nusu asubuhi ya pili. Mteja hakupiga kelele. Alinambia tu "nilikwambia leo leo", akakata nusu ya pesa, na mimi sikubishana kwa sababu nilimwona uso wake. Lakini nikirudi Mombasa kenta tupu, nikapiga hesabu njia nzima. Safari yenyewe ya Lamu ni masaa 7. Godauni nimekalishwa masaa 7 kasoro dakika 20. Lau kompresa ile ingekuwa imetolewa nje saa 2 na karatasi yake juu yake, ningefika Mokowe mchana kweupe na samaki wale wangepona. Barabara haikunichelewesha hata dakika moja isiyojulikana. Mtwapa najua, Garsen najua, kufungwa usiku najua, hivo vyote nilishavitia kwenye hesabu asubuhi ile. Kitu ambacho sikuwa na uwezo nacho ni ule mlango wa Shimanzi.

Hilo ndilo ninalotaka wenye mizigo walisikie, na naomba wenye magodauni pia wasome. Haraka ya mzigo hutengenezwa kabla gari halijawashwa. Ukishatoka hapo, ukimwambia dereva akimbie, hakuna cha maana atakachokuokolea, atakachofanya ni kuhatarisha roho yake na za watu. Naomba tupige hesabu pamoja maana watu wengi hawajawahi kuipiga. Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480. Kenta na malori sheria yatufunga kilomita 80 kwa saa. Ukienda 80 bila kusimama hata kukojoa ni masaa 6, na hakuna binadamu anayeweza kwenda hivo, manake kuna foleni ya malori kutoka Miritini mpaka Mariakani, kuna mizani, kuna rodibloku, kuna milima ya Salama. Kwa hivo ni masaa 8 mpaka 10. Sasa tuseme dereva amekuwa mwendawazimu, amepata wastani wa 100 njia nzima, jambo ambalo haliwezekani lakini tuseme. Ameokoa saa 1 na dakika 12. Saa 1 na dakika 12 ndio muda wa kumtafuta mwenye mhuri na mwenye ufunguo wa forklifti. Yaani kitu ambacho kingeokolewa kwa simu moja ya usiku wa jana, mnataka kiokolewe kwa roho ya mtoto wa watu usiku kule Maungu.

Na Maungu sikuitaja bure. Kuna kijana tulikuwa tukipaki naye hapa, kijana mzuri, mtaratibu, hatumii miraa wala pombe. Siku moja alipewa mashine ya kupeleka Nairobi, mwenyewe ataka ifike usiku huo huo kwa sababu fundi amelipwa na yuwangoja. Kijana alikuwa mlangoni mwa godauni saa 1 asubuhi. Ameamka saa 11 alfajiri. Mashine imetoka saa 4 usiku, mnasikia, saa 4 usiku, masaa 15 yuko pale hana pa kulala, amekaa kwenye kiti cha pikapu na jua la Mombasa mnalijua. Wakamwambia sasa kazana. Saa 7 usiku mbele kidogo ya Maungu usingizi ukamchukua, gari likaacha barabara likaingia porini likapinduka. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini mguu wa kulia haukunji tena na udereva ameacha. Trafiki wakaandika dereva aliendesha ovyo. Ile godauni haikuandikwa popote.

Alafu likaja la bima, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu nimeona madereva wengi hawalijui na wenye mizigo hawaulizi. Bima ya gari la mzigo ni za namna 2. Kuna ile ya mtu anayebeba mali yake mwenyewe, mfano una duka la hadwea na pikapu yako yabeba bidhaa zako. Na kuna ile ya gari linalobeba mizigo ya watu kwa malipo. Zote ukiangalia stika kwenye kioo mbele ni bima, polisi akiangalia tarehe anakuachilia uende zako. Lakini ukipata ajali na mzigo wa mtu aliyekulipa, na bima yako ni ile ya kwanza, kampuni itakuuliza ulikuwa umebeba nini na cha nani, na hapo ndo mwisho wa maneno. Yule kijana alikuwa na ile ya kwanza kwa sababu ndo aliyoikuta kwenye gari alipolinunua na ndo ya bei nafuu. Hakulipwa gari. Na mashine yenyewe haikuwa na bima yoyote, maana bima ya gari hailindi mzigo, mzigo ulio safarini unakatiwa bima yake mbali. Mwenye mashine akamdai kijana aliyelala kitandani na mguu umefungwa vyuma. Nawaomba wenzangu, leo hii, kabla ya kubeba kitu chochote, toa ile karatasi ya bima uisome imeandikwa gari ni la kazi gani. Na wewe mwenye mzigo, usiulize tu "bei gani", uliza na hilo, mashine ni yako.

Najua kuna watu watasema mbona pikapu za miraa zafika. Hilo nalisikia kila wiki, ati pikapu ya miraa yatoka Meru na kabla ya adhuhuri mzigo ushauzwa, wewe Voi tu wachukua masaa 4. Ndugu zangu, miraa na muguka ni majani, yakikaa siku 2 hayana bei, biashara nzima imejengwa juu ya hilo. Lakini angalieni namna yenyewe inavyofanywa kabla ya kuangalia spidi. Wakulima wanachuma wakijua gari laondoka saa ngapi. Mafungu yanafungwa na majani ya mgomba tayari, magunia yamehesabiwa, gari likifika linapakiwa dakika chache na kuondoka. Hakuna klarki anayetafuta mhuri. Sie tumeiga ile spidi tu, ambayo ndo inaua watu, tukaacha ule mpango wa shambani ambao ndo unafikisha mzigo. Mimi sisifu uendeshaji wao hata kidogo, nimeona magari yao yamelala miguu juu mara nyingi sana, lakini katika kupakia wametushinda sote.

Na usiku ule wa barabara ya Nairobi mtu asiyeupita hawezi kuujua. Kutoka Voi kwenda Mtito Andei ni mbuga ya Tsavo huku na huku, na tembo havuki barabara kwa ratiba ya mteja. Tembo usiku haonekani, rangi yake na rangi ya giza ni kitu kimoja, macho yake yako juu kuliko taa zako zinapomulika, unamwona ukiwa ushamfikia. Mimi nimewahi kusimama karibu na Manyani dakika 40 taa zimezimwa kundi linapita na watoto wao, na simu inalia, umefika wapi. Sikuishika. Hayo mambo dereva anayaweza akiwa macho, akiwa amelala vizuri, amekula. Mtu aliyekalishwa godauni tangu asubuhi hawezi.

Nina mpwa wangu yuko Houston Marekani, naye ndo alinieleza kwamba kule kazi kama yangu ina jina lake kabisa, waita hotshot. Pikapu kubwa zenye nguvu zinavuta trela ndefu bapa, na kule Texas yasifika sana kwa ajili ya visima vya mafuta, kisima kikisimama kwa sababu ya spea moja kila saa ni pesa nyingi, basi mtu na pikapu yake anaikimbiza hiyo spea badala ya kungoja lori kubwa lijae. Nikamwuliza sasa nyinyi mwakimbia spidi gani, akacheka. Akanambia kule jambo ni masaa. Dereva wa mzigo anaruhusiwa kuendesha masaa 11 tu baada ya kupumzika masaa 10 mfululizo, na yote lazima yaishe ndani ya masaa 14 tangu alipoanza kazi siku hiyo, na kwenye gari kuna kifaa kinahesabu. Sasa sikilizeni hili, mhariri, maana lilinigusa sana. Ukikaa mlangoni mwa godauni masaa 6 unangoja kupakiwa, yale masaa yako ndani ya zile 14. Saa haisimami kwa sababu gari limesimama. Mwenye mzigo akikuchelewesha, amejichelewesha mwenyewe, hana wa kumwambia kanyaga. Na wengi wana desturi kwamba masaa 2 ya kwanza ya kungoja ni bure, kuanzia hapo unaanza kulipia. Na akivuta gari na trela na mzigo jumla kuzidi paundi 26,000 hivi, ambayo ni karibu tani 12, leseni ya pikapu haitoshi, lazima awe na ile ya malori makubwa.

Sisemi tuwe Marekani. Barabara zetu ni nyingine, pesa yetu ni nyingine. Lakini hapa kwetu dereva wa basi na matatu sheria inamtaja, masaa 8 ya kuendesha ndani ya masaa 24, na kila mtu aona ni sawa kwa sababu amebeba watu. Sie wa pikapu za mizigo, kwa vitendo, hakuna anayetuhesabia chochote, na barabara ni hiyo hiyo moja, nikisinzia mimi nagongana na basi hilo hilo ambalo dereva wake amepumzika.

Jengine ni bei, na hapa wenye mizigo nitawaudhi lakini nasema kweli. Mzigo wa kawaida naweza kuupeleka Nairobi nikangoja kesho nipate mzigo wa kurudi, bei inagawanyika. Mzigo wa haraka sivyo. Umeniita sasa hivi, nimeacha kila kitu, na nikifika sina mzigo wa kurudi kwa sababu sikuutafuta. Kenta yangu ikiwa na mzigo yala lita 1 kwa kilomita 7 hivi, kilomita 480 ni kama lita 69 za dizeli kwenda, na kurudi tupu yapungua kidogo tu. Mteja akija na bei ya kwenda peke yake, dereva atakubali kwa sababu ana njaa, alafu atafidia wapi? Atafidia kwa kutolala. Atafika usiku, ashushe, ageuze saa hiyo hiyo arudi Mombasa apate kazi nyingine asubuhi. Na ndo hao mnaowakuta wamelala ndani ya mtaro Mackinnon Road. Nimewahi kufanya hivo miaka yangu ya mwanzo, mara nyingi, na nikikumbuka namna nilivyokuwa nikipiga makofi usoni nisilale naona ni Mungu tu.

Tena tumekuwa wengi. Ile miaka makontena yalipolazimishwa kupanda treni, tangu 2019 hivi mpaka agizo lilipoondolewa 2022, wengi waliokuwa malorini na kwenye yadi hapa Changamwe na Miritini walibaki bila kazi wakaingia kwenye pikapu na kenta. Makontena yalirudi lakini watu wengi hawakurudi huko. Kwa hivo mteja akiniona mimi nagoma kwa bei ya kurudi mtupu, yuko mwengine nyuma yangu atakubali. Siwalaumu, wana watoto. Lakini nawaomba tukubaliane jambo moja tu hata kama bei hatukubaliani, kungoja kulipwe. Ukimlipa mtu masaa ya kungoja, hutamngojesha.

Kuna uzito pia, nitaupita haraka maana hasira zangu zitaniandikia barua nyingine. Kilo 800 ni kilo 800. Mtu anakwambia ni "kitu kidogo tu, kilo 400", unafika na pikapu wakuta dubwana la chuma, forklifti ikiliweka spring zinalia. Alafu mizani ya Mariakani au breki za Mazeras zikusomee ukweli. Vifaa vingi vya viwandani vina kibao kidogo cha bati ubavuni kimeandikwa uzito. Pigeni picha mtume kwa wasapu. Picha ya kibao, picha ya mzigo wenyewe mtu amesimama kando nione kimo, basi. Nitajua nije na gari gani na kamba gani.

Na sitaki msomaji adhani ni malalamiko tu, kuna mambo yamekuwa mazuri. Mizigo ya kusini, Ukunda, Diani, Msambweni, mpaka Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania, zamani sikuthubutu kumwahidi mtu saa. Ulikuwa wategemea feri ya Likoni, na feri ikiharibika moja foleni yafika mbali, unakaa masaa 3 unaiona Likoni ng'ambo kwa macho yako na huwezi kufika. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe yote 2024, natoka Miritini napita daraja la Mteza, zaidi ya kilomita 1 na robo juu ya maji, natokea Kibundani bila kuingia mjini hata kidogo. Spea ya hoteli Diani sai naweza kukwambia saa na nikaifikia. Nilivuka mara ya kwanza nikiwa na tairi za trakta za kwenda Ramisi na nilisimamisha gari baada ya daraja nikashuka nikaangalia nyuma, miaka yote ile ya feri. Kwa hivo serikali ikijenga, kazi yetu yabadilika kweli. Ndo maana naudhika zaidi, kwamba barabara imepunguza masaa 3 na godauni imeyarudisha yote.

Upande wa Lamu shida ni nyingine, mvua. Mwisho wa 2023 zile mvua za El Nino maji yalipanda barabarani pale Lango la Simba, magari yakakwama siku nyingi. Hapo hakuna leo leo, na dereva anayekuahidi leo leo Lamu kwenye masika anakudanganya. Mwulize kwanza kama amepiga simu Minjila asubuhi hiyo.

Mtu atauliza kwa nini nisitume kwa basi tu. Tuma, mimi mwenyewe hutuma. Pasel ya kilo 10, karatasi, simu, boksi la spea ndogo, basi la usiku ni rahisi na linafika, sitakuchukulia pesa yako bure. Mimi niite kwa kitu ambacho hakiingii kwenye buti ya basi, au kile ambacho basi litaondoka saa 4 usiku na wewe wakihitaji saa 10 jioni. Ukinipigia nitakwambia ukweli kama basi linakutosha. Mteja wangu mmoja wa Kilifi nilimwambia hivo mara 3 na ndo amekuwa mteja wangu wa kudumu.

Sasa baada ya safari ile ya Lamu nimejiwekea masharti na nimeyabandika ndani ya mlango pale palipokuwa na yale maandishi ya leo leo. Siji godauni mpaka nitumiwe picha ya invoisi yenye jina sahihi na ithibati ya malipo. Masaa 2 ya kungoja ni yangu, ya 3 ni ya mwenye mzigo kwa bei tuliyokubaliana kabla. Mzigo wa Lamu ukipita saa 3 asubuhi haujatoka, ni wa kesho, sitaongea zaidi. Mzigo wa Nairobi ukitoka baada ya saa 8 mchana tunakwenda madereva 2 na mteja alipia wa pili, asipotaka natoka alfajiri. Wateja 4 wameniacha kwa ajili ya masharti haya, tena mmoja kwa matusi. Watatu hawajarudi. Yule aliyerudi ana kiwanda kidogo huku Jomvu, na alinambia jambo ambalo nimelikumbuka sana, kwamba tangu awaambie watu wake wa stoo watoe mzigo jioni ya kuamkia safari na karatasi wazifunge juu yake na nailoni, hajawahi kunipigia kuniuliza umefika wapi.

Mhariri, naomba kama nafasi ipo gazeti lako liwaulize wenye magodauni wa Shimanzi na Changamwe na wale wanaotoa mizigo pale uwanja wa ndege, ni kwa nini karatasi ya mzigo wa dharura hupangwa foleni moja na mzigo ambao mwenyewe hata hauhitaji mpaka mwezi ujao. Waweke dirisha moja tu, mtu mmoja, wa mizigo inayotoka siku hiyo, afungue saa 12 na nusu asubuhi. Tutalipia kama ni kulipia. Na kaunti ikiweza, tupate uwanja wenye kivuli na choo na maji upande wa Miritini ambapo dereva anayengoja kupakiwa anaweza kujinyoosha akalala masaa 2, maana sai twalala chini ya magari yetu wenyewe na mtu akiwasha kwa bahati mbaya ni msiba.

Yule wa barafu wa Lamu, ikiwa wasoma, nilikuja jeti mara 2 nikakuulizia wakanambia umehamia Malindi. Ile nusu ya pesa sikudai. Ukipata mzigo wowote nipigie jioni ya kuamkia, niambie uko wapi na una kilo ngapi, alfajiri nitakuwa mlangoni.

Dereva wa kenta,
Changamwe, Mombasa